Kifungu cha Pili

Walinipa faranga elfu ishirini na karatasi mbili
zenye muhuri wa komini, wino bado unanuka,
wakasema: Mwalimu, utugeuzie hii Kifaransa
iingie mdomoni mwa Kyoni na megafoni yake
kabla ya Jumatatu.

Kifungu cha kwanza hakikunisumbua.
Mahali hapatafsiriwi, panatajwa tu:
mbele ya posta, chini ya mabaraza ya maduka,
stesheni, upande ule wa mabehewa yasiyokwenda popote,
na ukuta wa hospitali, ambako ndugu wa wagonjwa
hupika, huomba, hufua.

Kifungu cha pili ndicho kilichonikesha.
Ni marufuku, nikaandika, kukaa mahali pa watu wote
tangu jua kuzama hadi saa kumi na moja.
Kukaa. Nikalitazama lile neno.
Hapa Lubumbashi mtu anakaa kwenye kiti,
anakaa Katuba, anakaa kwa shangazi yake,
anakaa bila kazi mwaka wa nne,
na ukimuuliza hali anakwambia: nakaa tu.
Nikafuta. Nikaandika kulala.

Lakini Mbuyu na Kabange wana katoni moja,
ya friji, yenye mshale wa kuonyesha juu
na picha ya glasi, maana yake: vunjika haraka.
Inatosha mtoto mmoja na nusu.
Wanalala kwa zamu, pacha mmoja ndani, mmoja macho.
Ikiwa kosa ni kulala, basi saa yoyote ya usiku
tunaye mhalifu mmoja na raia mwema mmoja,
na mimi niliyewafundisha a, e, i, o, u
kabla hawajaacha kuja darasani
siwezi kuapa yupi ni yupi.

Kujinyoosha, nikajaribu. Kujilaza. Kupanga,
hapana, kupanga kunataka mwenye nyumba,
na wangu alikuwa amepita Ijumaa bila kubisha,
akasimama akiupima mlango kwa macho
kama fundi wa majeneza.
Miezi mitatu. Zile elfu ishirini nilimkabidhi
kabla sijaandika hata herufi.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wanaodhani Afrika yote ni jua
waje wakeshe hapa mwezi wa saba.

Jumatatu Kyoni alipanda juu ya pikapu,
akaipiga megafoni kofi mbili, akasoma:
Ni marufuku kukaa.
(Ndiyo, nilirudi palepale. Kumekucha, sabuni imekwisha,
neno la kwanza ndilo lililokuwa karibu.)
Mama Musau, anayeuza makala kwa kopo
na usiku huyalinda magunia yake kwa kuyalalia,
akauliza kwa sauti iliyoishinda ya serikali:
Kukaa kupi? Kwa matako au kwa maisha?

Watu wakacheka. Polisi mmoja pia, yule mrefu.
Kyoni akaigeuza karatasi,
labda jibu liko mgongoni,
kisha akanitafuta mimi katikati ya vichwa.
Megafoni ilikuwa wazi bado, inavuma, inasubiri.
Ningeweza kusema lolote; mimi ndiye niliyejua Kifaransa.
Nikasema: Kwa matako.

Basi usiku ule walisimama.
Barabara nzima, toka posta hadi stesheni,
watu wima ndani ya magunia na vitenge,
wagonjwa wameegemea wazima,
Mbuyu na Kabange mgongo kwa mgongo,
na katoni nayo imesimamishwa kando yao,
mshale wake unaonyesha juu, sawasawa,
kama inavyotakiwa.
Polisi walipita mara mbili na tochi.
Hawakupata wa kumshika.

Nilifika saa nane, godoro kichwani,
sufuria mbili ndani ya mfuko wa saruji.
Mwenye nyumba alikuwa amehesabu zile elfu ishirini
akasema zinalipa siku sita za Aprili.

Mama Musau hakuuliza kitu.
Alisogeza gunia kwa mguu, nafasi ikapatikana,
ya nyayo mbili, pana kuliko nilivyotazamia.
Karibu, Mwalimu, akasema.
Simama.